Baisikeli ya Mpakani

Ukifika Busia au Malaba, msomaji, utasikia neno moja likitajwa tangu alfajiri hadi usiku: boda boda. Neno hili limekwisha kuenea Afrika ya Mashariki nzima. Latamkwa Kampala na Kisumu, Mombasa na Dar es Salaam, na wengi walitamkao hawajiulizi lilikotoka. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, likavishwa vazi la Kiswahili, likatajwa mara mbili ili kumwita abiria: mpaka hadi mpaka. Basi kila atajaye boda boda, hata akiwa mbali kiasi gani, anataja malango ya Busia na Malaba bila ya kujua.

Kusudi la insha hii ni kukueleza jinsi baisikeli ya bei nafuu, iliyoundwa kwa ajili ya mtu mmoja, ilivyogeuzwa na mafundi na waendeshaji wa mpakani ikawa chombo cha kushindania riziki. Katika kisa hiki mna historia ya nchi, mna hesabu na mna elimu ya nguvu na uzito. Mna pia funzo moja ambalo ningependa ulishike: udhaifu wa chombo ukifukuzwa mahali pamoja aghalabu haufi, bali huhamia mahali pengine.

Tuanze na mpaka wenyewe, kwa maana pasipokuwa na mpaka pasingekuwa na kisa. Hapo zamani za utawala wa Waingereza nchi yote hii, pamoja na sehemu kubwa ya Magharibi ya Kenya, ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka 1902 Serikali ya Kiingereza iliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda ikautia katika himaya jirani, ile iliyoitwa Kenya tangu 1920. Amri hiyo ilitiwa sahihi mbali na vijiji iliyovihusu. Wasamia walijikuta wapo pande mbili. Wateso vivyo hivyo. Mjomba alikuwa Kenya na mpwa alikuwa Uganda, wala hakuna kati yao aliyehama hata hatua moja. Kwa miaka mingi jambo hilo halikuwaudhi sana, kwa kuwa bwana aliyetawala pande zote alikuwa mmoja. Reli iliyotoka Nakuru ikapitia Eldoret na Malaba na kuingia Tororo ilikuwa reli moja, nayo ilifika Kampala mwaka 1931.

Uganda ilijipatia uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya tarehe 12 Desemba 1963. Hapo mpaka uliokuwa mstari katika ramani ukawa mlango wa nyumba mbili. Kila nchi ilikuwa na askari wake, maofisa wake wa forodha na wake wa uhamiaji, na kila mmoja alitaka kuona karatasi. Gari la abiria lililotoka Kisumu lilifika Busia likakoma, kwa kuwa kuvusha gari katika nchi nyingine kulihitaji hati nyingi na saa nyingi. Abiria alishuka, akapita lango la Kenya, kisha akakabiliwa na kipande cha barabara kisichokuwa cha huyu wala cha yule, mpaka alifikie lango la Uganda. Husemwa kwamba pale Busia umbali kati ya malango ulizidi nusu maili. Malaba nako kulikuwa na kipande cha namna hiyo, na kati yake umepita mto uitwao Malaba.

Nusu maili si mwendo wa kumshinda mtu mwenye mikono mitupu. Lakini fikiri mama mwenye mtoto mgongoni, gunia la dagaa kichwani na kikapu mkononi, jua likiwa la utosi. Kwake yeye nusu maili ni safari. Na hapo, katika miaka ya 1960 na 1970, ndipo vijana wenye baisikeli walipoiona haja yake na kuigeuza kuwa kazi. Yasemekana kazi hiyo ilianzia Busia, kisha ikaenea upesi hadi Malaba. Baisikeli haikuhitaji hati za gari. Ilipita baina ya malango, ikampeleka mtu na mzigo wake, ikarudi na mwingine. Kijana alisimama langoni akipaza sauti, "Boda! Boda!" na aliyekuwa na haja aliitika.

Sasa tukitazame chombo chenyewe. Baisikeli yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma ilipata umbo lake tunalolijua huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885, kwa mkono wa John Kemp Starley. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop wa Belfast alisajili hataza ya mpira uliojazwa upepo, na tangu hapo chombo hiki kikaenda duniani kote. Zilizofika kwetu zilikuwa hasa zile nzito za Kiingereza: Raleigh, Hercules, Phillips na BSA. Baadaye zikaja zenye sura iyo hiyo kutoka India na China, kama vile Hero, Atlas na Phoenix, na bei yake ilikuwa ndogo zaidi. Rangi yake ilikuwa nyeusi, fremu yake ndefu, magurudumu yake mapana ya inchi 28, breki zake za fito za chuma. Katika Kenya watu waliipa jina la Black Mamba, yaani yule nyoka ajulikanaye kwa Kiswahili kuwa koboko.

Baisikeli hiyo ilikuwa imara, lakini imara kwa kazi yake. Aliyeiunda alimfikiria karani aendaye afisini, au mwalimu aendaye shuleni, akiwa na mfuko wa karatasi nyuma yake. Hakumfikiria mtu mzima aliyekaa juu ya kile kiti cha chuma cha nyuma tukiitacho keria, akiwa na gunia mapajani, mara ishirini kwa siku, katika barabara yenye mashimo. Basi mwendeshaji wa mpakani alikuwa na hiari mbili. Aweza kungoja mpaka apate fedha za chombo bora kuliko hicho, naye angengoja hata kiama. Au aweza kuchukua kile alichoweza kukinunua, akakitengeneza upya kulingana na kazi. Alichagua la pili.

Jambo la kwanza lilikuwa keria. Keria ya dukani ilikuwa ya vyuma vyembamba, na uzito wa mtu mzima ungeikunja. Fundi aliing'oa akaweka nyingine ya vyuma vinene, akaitia miguu iliyoshuka hadi kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Hapo uzito haukuning'inia tena juu ya fremu, bali uliteremka moja kwa moja penye gurudumu. Juu ya keria uliwekwa mto wa sponji uliovikwa ngozi ya bandia, mara nyingi wenye rangi za kupendeza na shada pembeni. Usidhani mto ule ulikuwa pambo tu. Abiria aliyekuwa na hiari ya kuchagua baina ya vijana kumi alitazama kwanza pa kukaa. Kisha pakawekwa vikanyagio viwili karibu na ekseli ili miguu ya abiria isiguse spoki, na pa kushika chini ya tandiko la mwendeshaji.

Kwa hiyo keria ikawa imara. Je, kazi ilikwisha? La. Mzigo ambao zamani ungevunja keria sasa ulifika salama penye gurudumu, na gurudumu likaanza kulia. Spoki, vile vijiti vya chuma viunganishavyo kitovu cha gurudumu na ukingo wake, zilianza kukatika. Baisikeli za kikale za Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma, na mpango huo wa kuongeza za nyuma waonyesha kwamba waundaji walijua ni wapi uzito hukaa. Lakini hata spoki 40 zina kadiri yake. Spoki moja ikikatika jirani zake huchukua sehemu yake. Zikizidiwa, nazo hufuata. Na ukingo ukipoteza unyofu wake huanza kuyumba na kugusa breki. Fundi akatafuta spoki nene zaidi, akajifunza kuzikaza zote kwa kadiri moja, akizigonga kwa kidole na kusikiliza mlio wake kama mtu apimaye nyuzi za zeze. Ustadi huo haukuandikwa kitabuni. Ulikaa katika sikio la fundi aliyeketi chini ya mwembe.

Gurudumu likapona, na udhaifu ukahama tena, mara hii ukaenda mbele. Ili uelewe jambo hili, kumbuka somo la mizani. Abiria akikaa juu ya ekseli ya nyuma, uzito wake huchukuliwa na gurudumu la nyuma. Akikaa nyuma ya ekseli, hufanya kama mtoto akaaye ncha moja ya ubao wa pembea: ncha ya pili huinuka. Gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na baisikeli hutangatanga njiani kama mlevi. Dawa yake ilikuwa kusogeza kiti cha abiria mbele kadiri iwezekanavyo, karibu na mgongo wa mwendeshaji. Lakini uma wa mbele nao una shida yake. Baisikeli yenye watu wawili ikigonga shimo, au ikifunga breki ghafula, uzito wote husukuma mbele, na uma uliotengenezwa kwa mtu mmoja hupinda. Mafundi wakaongeza fito mbili za chuma, moja kila upande, kutoka ekseli ya mbele hadi juu karibu na usukani, ili kuushikilia uma usisalimu amri.

Halafu kuna suala la nguvu ya miguu, nalo ni suala la hesabu safi. Tuseme gurudumu la meno la mbele, lile lizungushwalo kwa kanyagio, lina meno 48, na lile la nyuma lina meno 18. Kila kanyagio ikizunguka mara moja, gurudumu la nyuma huzunguka mara 48 gawanya kwa 18, yaani mara mbili na theluthi mbili. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja huenda karibu meta 2.23. Kwa hiyo kila mzunguko wa miguu huipeleka baisikeli karibu meta 6. Ukiweka nyuma meno 22 badala ya 18, mzunguko huo huo utakupeleka kama meta 4.9 tu. Umepoteza zaidi ya meta moja katika kila mzunguko. Lakini umepata wepesi wa kuondoka na mzigo, na magoti yako yatakuhukumu kwa huruma zaidi jioni. Hapana gia iliyo bora peke yake. Iko gia iliyo bora kwa njia fulani, kwa mzigo fulani na kwa mtu fulani. Bahati njema nchi ya Busia ni tambarare kuliko nyanda za juu za Kenya, na hiyo ni sababu moja ya kazi hii kushika mizizi pale. Katika vilima vikali baisikeli yenye abiria ingekuwa adhabu.

Lililobaki lilikuwa breki, nalo lilikuwa gumu kuliko yote. Breki za fito hukaza vipande vya mpira juu ya ukingo wa gurudumu. Mvua ikinyesha, ukingo huteleza na mpira hushindwa kushika. Mtu mmoja na baisikeli yake wakiwa na kilo 90, na abiria na gunia lake wakiongeza 90 nyingine, breki zile zile zatakiwa kuzuia nguvu maradufu. Aliyeongeza uzito bila ya kuongeza uwezo wa kusimama alikuwa amefanya nusu ya kazi. Wengi walisaidia breki kwa soli ya kiatu iliyokandamizwa kwenye tairi, na ndara za mpakani zilikwisha upande mmoja kabla ya mwingine.

Huenda ukauliza, kwa nini mtu atumie fedha na taabu zote hizo juu ya chombo cha bei ndogo? Jibu ni kwamba pale langoni palikuwa na mashindano kila siku. Basi lilipofika, abiria walishuka pamoja, na vijana wakawakimbilia pamoja. Aliyekuwa na kiti laini alichaguliwa mbele ya mwenye chuma kitupu. Aliyekuwa na magurudumu manyofu aliwahi kurudi akapata abiria wa pili, wakati mwenziwe yu kando ya njia akikaza spoki. Hapakuwa na kikombe cha fedha kwa mshindi. Tuzo yake ilikuwa unga, mafuta ya taa na karo ya mtoto. Lakini hayo yalikuwa mashindano ya kweli kuliko mengi yenye vikombe, kwa kuwa aliyeshindwa alirudi nyumbani mikono mitupu.

Ukipenda mfano wenye kikombe, upo katika historia ya miaka ile ile. Tangu mwaka 1953 palikuwa na mbio kubwa za magari za Safari, zilizopita katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika. Viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya na mafundi wengi. Hata hivyo mbio za mwaka 1965 zilishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa gari la Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika mashindanoni kabla ya kufika mikononi mwao. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva mashuhuri. Alijua kwamba katika matope na mawe ya nchi zetu hashindi lazima gari lenye mbio kuliko yote, bali lile lisilovunjika. Elimu hiyo ndiyo waliyokuwa nayo vijana wa Busia, ingawa magazeti hayakuwapiga picha.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda kwa nguvu za jeshi. Mwezi wa Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini, na maduka mengi yakafungwa au yakaangukia mikononi mwa watu wasiojua biashara. Sukari, sabuni, chumvi na petroli zikaadimika. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya Magharibi ya Kenya ni mali ya Uganda, akiikumbusha dunia ule mkato wa mwaka 1902, na uhusiano wa nchi hizi mbili ukachacha. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ikavunjika.

Katika dhiki hiyo baisikeli ya mpakani ikapewa mzigo mwingine: magendo. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa duniani ikapanda mno. Mkulima wa Uganda alilipwa kidogo, tena kwa fedha zilizopoteza thamani, hali upande wa Kenya palikuwa na wanunuzi wenye fedha nzuri. Kahawa ikavushwa usiku kwa mitumbwi, kwa magari, kwa vichwa vya watu na kwa baisikeli, kupitia vichochoro viitwavyo njia za panya. Na bidhaa za dukani zikarudi kwa njia zizo hizo. Sitaki udhani kwamba nasifu magendo. Magendo huinyima serikali kodi, hufisidi askari, na wengi walipoteza uhai wao katika vichaka vile. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza kwa nini watu wema walifanya jambo baya, na hapa jibu lilikuwa wazi: sheria ilisema hivi na njaa ikasema vile. Keria iliyokuwa imeimarishwa ili kumbeba mama na kikapu chake ilikuwa tayari kubeba gunia la kahawa. Chombo hakina dhamiri. Dhamiri ni ya mwenye chombo.

Ipo sehemu nyingine ya kisa hiki ambayo haijulikani sana, nayo yastahili heshima. Katika Busia watu wenye ulemavu wa miguu, wengi wao walioupata kwa ugonjwa wa kupooza walipokuwa watoto, walitumia baisikeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Baisikeli hizo ziliundwa zimpeleke mtu mmoja aendako. Wao wakazipanua kwa sanduku na keria kubwa, wakajaza bidhaa, wakavuka mpaka kufanya biashara. Maofisa wa forodha nao mara nyingi waliwaachia wapite bila ya kuwasumbua. Waliungana katika vyama, wakajenga nyumba, wakasomesha watoto. Walitengeneza upya chombo chao, na pamoja nacho wakatengeneza upya mahali pao katika jamii. Mtu aliyetazamiwa kuomba akawa mtu wa kuombwa kazi.

Amin aliondolewa Aprili 1979, lakini boda boda haikuondoka pamoja naye. Hata Desemba 1987, askari wa Kenya na wa Uganda walipofyatuliana risasi pale Busia na mpaka kufungwa kwa muda, kazi ilisimama kisha ikaanza tena. Baisikeli zenye mito ya rangi zilienea katika miji ya Uganda, na upande wa Kenya zikaingia Kisumu, Kakamega na kwingineko, nazo zikachukua jina la mpakani hata katika miji isiyokuwa na mpaka wowote. Kisha pikipiki zikaja. Uganda ilizitumia kwa abiria mapema zaidi. Kenya ziliongezeka sana baada ya serikali kuondoa kodi ya thamani mwaka 2008 katika pikipiki ndogo. Leo baisikeli ya abiria imebaki kwa uchache, na mlio wa injini ndio utawalao malangoni.

Pikipiki hizo nazo, msomaji, ni za bei nafuu, kutoka India na China, na zimefanyiwa yale yale yaliyofanyiwa baisikeli. Kiti kimerefushwa, keria imechomelewa vyuma vinene, vyuma vya kukinga miguu vimeongezwa, na mwavuli umesimikwa juu. Magoti ya mwendeshaji yamepumzika. Je, udhaifu umekwisha? Ulikuwa katika keria ukafukuzwa. Ukakaa katika spoki ukafukuzwa. Ukahamia katika uma, ukahamia katika breki. Injini ilipoondoa udhaifu wa miguu, mwendo ukawa mkubwa, na mahali pa mwisho ulipohamia udhaifu ni mwili wa binadamu. Baisikeli ilipoanguka mtu alichubuka goti. Pikipiki ikianguka mtu huvunjika mfupa, au hupoteza maisha, na madaktari wa hospitali zetu wanaijua habari hiyo kuliko mwandishi huyu. Hapana fundi awezaye kuchomelea fuvu la kichwa. Kofia ngumu, mafunzo, abiria mmoja badala ya watatu, na moyo wa subira: hayo ndiyo matengenezo yaliyobaki, na ni magumu kuliko yote, kwa sababu hayauzwi dukani peke yake, sehemu yake kubwa yatoka katika nafsi.

Na mpaka je? Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 1999. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua pale Busia kituo kimoja cha ukaguzi, ambapo msafiri husimama upande mmoja tu, akakutana na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Hivyo kile kipande cha nchi isiyo na mwenyewe, kilichozaa boda boda, kimepunguziwa makali yake. Mtoto amezidi kukua hali mama yake anadhoofika. Yaonyesha kwamba kazi iliyoanzishwa kwa kuziba pengo yaweza kuishi baada ya pengo kuzibwa, ikiwa imekwisha kujifunza kuwatumikia watu mahali pengine.

Ukipita mpakani, au katika mji wako mwenyewe, usipite kama kipofu. Simama penye kibanda cha fundi. Mwulize fundi chuma hiki kimewekwa kwa nini, na nini kilivunjika kabla hakijawekwa. Kila kiraka katika chombo cha maskini ni jibu la swali lililowahi kuulizwa kwa maumivu, na ukijua kulisoma umesoma historia ambayo hakuna mtawala aliyeiamuru. Ama wewe, siku utakapopewa kitu ukitengeneze kiwe bora, kiwe baisikeli, shamba, shule au nchi, usiridhike kwa kuwa mahali palipovunjika pamekuwa imara. Uliza mapema: mzigo huu sasa waelekea wapi, na ni nani atakayeubeba? Fundi asiyeuliza swali hilo hutengeneza leo ili kesho avunjikiwe na mwingine.